Swali la Saba la Bi Pindo

Tone la damu lilikuwa dogo kama mbegu ya ufuta, ila lilikaa katikati ya pindo la gauni la bibi harusi, na gauni lenyewe lilikuwa jeupe pe. Bi Pindo aliliinamia akalitazama. Kisha akageuza mkono wa kushoto, akavikagua vidole kimoja kimoja mpaka akaliona tundu kwenye ncha ya kidole cha shahada. Sindano iliingia ikatoka, na mwenye kidole hakuwa na habari.

Mafundi wa cherehani wana dawa yao ya damu, wala hawaiandiki popote: mate ya mwenye damu. Alikata kipande cha uzi mweupe, akakitafuna mpaka kikalowa, akaligusagusa doa taratibu kwa kile kifundo cha uzi, na doa likaondoka. Hofu ndiyo iliyobaki. Aliangalia mlangoni kama kuna aliyemwona, akavaa kastabini, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole, akaendelea.

Lile jina la Bi Pindo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja. Mafundi wengine wakifika kwenye pindo hukunja, hupitisha mashine trrr, basi, leta nguo nyingine. Yeye pindo alilishona kwa mkono, kwa uzi mmoja, akichota nyuzi mbili tu za kitambaa kila anapochoma, hata ukaligeuza gauni nje ndani usijue sindano ilipita wapi. Mama mmoja alikuja na miwani yake makusudi kutafuta mshono, akatafuta mpaka chai yake ikapoa. Na kazi ya namna ile, mwenzangu, haifanywi kwa macho. Inafanywa kwa ncha za vidole. Miaka thelathini na mmoja aliifanya katika chumba cha mbele cha nyumba yake, meza ya kukatia upande huu, cherehani mbili upande ule, na kioo kirefu cha wateja kati ya dirisha na mlango.

Mwaka ule saratani ilimwingia titini. Titi la kushoto lilikwisha kuondolewa, kovu limepona vizuri, na kila Jumanne alikwenda hospitali kutundikiwa dripu. Dripu zilikuwa kumi na mbili, na sita alikwisha kuzimaliza. Ilikuwa baada ya ile ya nne ndipo vidole vilipoanza vituko. Kwanza vilikuwa kama vya mtu aliyeshika barafu. Halafu vikawa kama vya mtu aliyevishwa glavu asizoweza kuzivua. Akiokota kifungo, kinamponyoka. Akipapasa kitambaa, hariri na kitambaa cha shuka vyote sawa.

Hakumwambia mtu. Kwanza aliogopa kwamba daktari akisikia ataikata dawa, na dawa ikikatwa ugonjwa utarudi kwa kishindo. Pili, na hili hata yeye mwenyewe alilikwepa, Bi Pindo asiyekuwa na vidole ni nani? Atabaki mama fulani tu mwenye cherehani mbili.

Aliyekuwa akimsindikiza hospitali ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mpishi mstaafu wa shule. Mama huyo aliita watoto mia nne kwenye chakula kwa miaka ishirini bila kengele, na sauti ile hakuirudisha alipostaafu. Kila wakirudi, binti wa Bi Pindo, ambaye ni fundi umeme, aliuliza daktari amesema nini, na kila mara mama yake alijibu kwamba amesema vizuri. Vizuri vipi? Vizuri tu.

Siku moja wifi akachoka. Akamwambia yule binti amuulize yeye, maana yeye alikuwamo chumbani na masikio yake hayaumwi.

"Mama yako leo amesema 'sawa daktari' mara kumi na moja," akasema. "Nimehesabu. Mara ya nane alikuwa anaulizwa amezaliwa lini."

Walicheka wote watatu mpaka Bi Pindo akafuta machozi. Lakini binti hakuiacha ile habari ipite hivyo. Jumapili alikuja na simu ya mama yake mkononi, ameweka humo akili mnemba, ile mashine ya kuzungumza nayo kwa maneno ya kawaida ikakujibu. Akaeleza kwamba haiwezi kuwa daktari na isiachiwe kuwa daktari. Kazi yake ni kumsaidia kupanga yale anayotaka kuyauliza, ili akifika mbele ya daktari asibaki na "sawa" peke yake.

Wifi aliikodolea macho ile simu. "Kitu hakijaugua hata mafua," akasema, "kitajua nini cha saratani?"

Bi Pindo mwenyewe alijaribu kuandika, vidole vikagonga herufi za jirani, neno likatoka kama limekanyagwa. Binti akadhani ni uzee wa macho, akamwonyesha pa kubonyeza ili aseme kwa sauti. Mama akashukuru, siri yake ikapita salama.

Siku ya kwanza alimwomba mwenzake huyo mpya ampe majibu. Dripu itamaliza ugonjwa? Nywele zitarudi lini? Ile akili ikamweleza kidogo yale yanayojulikana kwa wagonjwa wengi, kisha ikasema hali yake yeye anaijua daktari mwenye faili lake, na ikaanza kumuuliza. Anatumia dawa gani nyingine? Nini kimebadilika mwilini tangu aanze dripu? Siku yake inakwendaje? Daktari huwa anampa dakika ngapi?

"Kumi," akajibu Bi Pindo. "Akiwa amekunywa chai."

Maana daktari yule wagonjwa walimpachika jina la Daktari Mbio. Hakuwa mbaya. Alikuwa na benchi zima la watu nje ya mlango wake, na aliongea kama mtu anayeshuka ngazi mbili mbili.

Kitu kimoja kilimpendeza Bi Pindo katika ile mashine: iliuliza kwanza. Hata yeye ndivyo afanyavyo. Mteja akija na kitambaa, hapimwi mpaka ajibu. Gauni la kwenda wapi? Utakaa au utacheza? Viatu virefu au vifupi? Mtoto ananyonya? Fundi asiyeuliza, aliwaambia siku zote wanafunzi wake, huyo anamshonea mwanasesere. Sasa akajikuta anajiuliza, mbona kwa daktari yeye ndiye amekuwa mwanasesere, anavalishwa tu, mikono imenyooka?

Basi akalichukua daftari lake la vipimo, lile la kifua, kiuno, nyonga na urefu, akafungua ukurasa mpya. Ile akili ilimwekea maswali ishirini. Bi Pindo akayakata kama anavyokata kitambaa, bila huruma, yanayofanana akayaunganisha, yasiyomhusu akayatupa, yakabaki sita. Wifi alipoona ukurasa ule akasema mgonjwa huyu sasa anataka kumpima daktari suti.

Lakini lile swali moja halikuwamo. Alilizunguka siku mbili. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, wifi akiwa uani anaanika nguo, Bi Pindo aliivuta simu karibu akaisogeza mdomoni.

"Kitendawili," akasema.

"Tega," ikajibu simu.

Alifurahi kama mtoto. Hakutegemea kwamba ingejua. "Nina watoto kumi. Nikiwachoma sindano, hawalii."

Simu ikajaribu kucha, akasema umekaribia lakini siyo. Ikajaribu vifungo, akasema hivyo havijafika kumi kwenye shati lolote la maana. Ikasema imeshindwa. Akadai mji. Ikampa mji mdogo, akaukataa, akataka wenye soko na stesheni ya reli, akapewa. Hapo ndipo alipokosa pa kukimbilia, maana ukipewa mji, kitendawili sharti ukijibu.

"Vidole vyangu," akasema.

Mashine haikumsifu kwa kitendawili. Iliuliza, "Hiki ni kitendawili tu, au ndivyo vidole vyako vilivyo sasa?"

Bi Pindo akatazama dirishani. Nje wifi alikuwa anagombana na shuka lililojaa upepo. "Ndivyo vilivyo," akasema.

Basi yakatoka yote, ganzi, vifungo, tone la damu, na hofu ya kukatiwa dawa. Akasikilizwa mpaka mwisho. Kisha ile akili ikamwambia kwa upole lakini bila kuzungusha. Zipo dawa za saratani zinazosumbua mishipa ya fahamu ya vidole vya mikono na miguu. Kama kwake ni hivyo au ni jambo lingine, daktari ndiye wa kupima. Kusema hakumaanishi dawa itakatwa. Mara nyingi madaktari wana njia kadhaa, kama kupunguza kipimo, kupumzika kidogo, au kubadilisha dawa, ila hawawezi kufanya lolote kwa jambo wasilolijua, na kadiri mtu anavyokaa kimya ndivyo madhara yanavyoweza kukomaa. Asiache dripu kwa uamuzi wake mwenyewe. Ampigie daktari hata kesho, na kama anangoja Jumanne, hili liwe la kwanza. Na amwambie kazi yake ni nini.

Mwisho ikamsaidia kulipanga lile swali. Walilishona pamoja, neno hili likatoka, lile likaingia, mpaka likamkaa mdomoni.

Hospitali hakupiga simu. Jumanne haikuwa mbali, alijiambia. Akaliandika daftarini, na hapo ndipo alipokosea. Aliliandika la saba, chini kabisa. Alipoisomea simu orodha, ikamkumbusha kwamba dakika ni kumi na lililo zito lingefaa litangulie.

"Wewe hukulelewa," Bi Pindo akaiambia. "Mtu haingii kwa watu akaanza na kilio. Anaulizia hali kwanza, anagusa madogo, ndipo anafika."

Ile akili ikasema uamuzi ni wake, ila ikamsihi asitoke mle chumbani kabla ya kuliuliza la saba. Yeye akafunga daftari.

Jumanne benchi lilikuwa limejaa mpaka ukutani. Bi Pindo alivaa gauni lake la kijivu lenye kola, maana hakupenda kwenda mahali pa heshima kama mtu aliyetoka kitandani. Alipoitwa, wifi akaingia naye, akaketi nyuma karibu na pazia.

Daktari Mbio alianza mbio zake. Vipimo vya damu vizuri, uzito vizuri, leo dripu ya saba, kuna lolote? Alikwisha kushika kalamu ya kutia sahihi, akingoja lile "sawa" la mgonjwa wake.

Bi Pindo akafungua daftari.

Akaulizia afya yake daktari na watoto, kama adabu inavyotaka. Kisha la kwanza, kama anaruhusiwa kula mayai. La pili, kovu linalowasha. La tatu, homa: ikipanda kiasi gani ndipo asingoje Jumanne, na ampigie nani. Hapo daktari aliinua uso, akaitua kalamu. Akamjibu, akamwandikia namba, akasema hilo swali angependa kila mgonjwa aliulize. La nne, usingizi. La tano, nywele. La sita, kama anaweza kupanda basi la safari ndefu kwenda kumwona mjukuu. Kila jibu alikuwa akiliandika, naye daktari, hakuna aliyemwambia, akaanza kuongea polepole ili mwandishi amfikie. Kule nyuma wifi alikuwa amenyamaza kabisa, jambo ambalo shuleni kwake wasingeliamini.

Ndipo nesi akagonga. Ameshika mafaili matatu, na kuna mgonjwa wa kitanda anangoja. Daktari akasimama. Akamsifu Bi Pindo kwa kujiandaa, akasema dripu ya saba wataiweka sasa hivi chumba cha pili, za Jumanne zijazo nesi ataziweka, na wao wawili wataonana baada ya wiki tatu.

"Sawa daktari," akasema Bi Pindo.

Neno lilimtoka lenyewe, kama kikohozi. Wifi alikwisha kutangulia nje. Bi Pindo alifika mlangoni, akashika kitasa. Kilikuwa cha chuma, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi, watu wote nje walikuwa wakisugua mikono. Akakibana kitasa kwa vidole vyote. Hakujua kama ni cha baridi au cha moto. Angekuwa amefumba macho, asingejua kama kipo.

Wiki tatu ni dripu tatu.

Akakiachia. Alikuwa mtu wa kuaga mara moja tu, hajawahi kurudi kwenye mlango alioagia, si kwa ndugu wala kwa mteja. Akageuka. Nesi alikuwa amekwisha kufungua faili la mtu mwingine juu ya meza.

"Daktari, nisamehe. Liko la saba."

Daktari akatazama saa ya ukutani, akauliza kama laweza kungoja siku nyingine.

"Limeshangoja mno," akasema Bi Pindo. Hakufungua daftari. "Vidole vyangu vimekufa ganzi, vyote kumi, tangu dripu ya nne. Sindano inaingia nisijue. Nilikuficha kwa sababu niliogopa utaikata dawa, ugonjwa urudi. Sasa nakuuliza: iko njia ya kupigana na huu ugonjwa bila kuvipoteza vidole vyangu?"

 Daktari alimtazama nesi, akamwomba amwambie mgonjwa wa kitanda kwamba anakuja baada ya dakika tano, kisha akamketisha tena Bi Pindo, akavuta kiti, si kile cha nyuma ya meza, kile cha wageni, akakaa karibu naye, magoti yanakaribiana.

Akamwambia afumbe macho. Akamgusa kwa pamba ncha za vidole, kimoja kimoja, na Bi Pindo akawa anangoja aguswe wakati amekwisha kuguswa. Akamgusa kwa kitu chenye ncha. Akamvua viatu akapima na vidole vya miguu, ambavyo Bi Pindo hata hakuwahi kuvifikiria, na viwili havikujibu. Akampa koti lake jeupe afunge kifungo bila kutazama. Kifungo kilimponyoka mara tatu, ya nne akakipata, na kwa mazoea ya kazi akamwambia kifungo hicho kimelegea, siku moja kitadondokea kwenye supu.

Daktari akacheka, kisha uso ukarudi. Alisema kweli tupu. Ni dawa. Wangeendelea kwa kipimo hiki mpaka ya kumi na mbili, pengine ganzi ingebaki naye maisha. Leo hatundikiwi. Watapumzika wiki moja, mbili ikibidi, halafu wataendelea kwa kipimo kidogo zaidi, na kabla ya kila dripu atavipima vidole yeye mwenyewe. Vikizidi, watabadilisha dawa. Pumziko hilo halitaurudisha ugonjwa. Hakumwahidi kwamba hisia zitarudi zote. Wengi hupata nafuu miezi ikipita, wengine nusu, naye hawezi kujua Bi Pindo ni wa upande gani. "Lakini umesema wakati bado kuna la kufanya," akasema. "Dripu tatu zaidi, ningekuwa na maneno mengine."

Bi Pindo akavaa viatu vyake. Nusu ya vidole vyake ilikuwa bado shakani, alilielewa hilo vizuri, na bado mgongo wake ulinyooka wenyewe kwenye kile kiti. Swali lile lilikuwa lake. Amelisema, na mtu wa mbio amekaa chini kwa ajili yake.

Daktari akamuuliza nani amemfundisha kujiandaa namna ile. Akamweleza habari ya simu na binti yake na kukatakata maswali. Daktari alitikisa kichwa, akasema basi waiulize hiyo simu kwa nini zito limekuja mwisho.

"Hilo si lake," akasema Bi Pindo. "Yeye alisema litangulie. Mimi ndiye niliyemkatalia."

Daktari akavuta faili kuandika. Akasita kwenye ukurasa wa kwanza, kalamu hewani. "Hapa, penye kazi, wameandika mama wa nyumbani."

Bi Pindo akainama kutazama. Ni kweli. Siku ya kwanza kabisa karani alimuuliza, bila kuinua kichwa, kama ni mama wa nyumbani, naye akamjibu sawa.

"Mimi ni fundi cherehani," akasema.

Daktari akaipiga mstari ile ya zamani, akaandika juu yake, akageuza faili ili mwenyewe aone. Bi Pindo akavaa miwani. Akasoma polepole, herufi kwa herufi, kama anavyokagua nguo kabla haijatoka dukani, kisha akaweka kidole chake chenye ganzi pale maneno yalipoishia.

"Ongeza," akasema. "Andika: wa mapindo ya mkono."

Daktari Mbio, na benchi zima linamngoja nje, akaongeza.